Hesabuni Kidogo, Lakini Kila Januari

Katikati ya Januari, wakati familia nyingi za Giheta, Burundi, zimo kwenye mavuno ya msimu A wa kilimo, mabonde yanayopeleka maji yake mto Ruvubu huwa na wakazi ambao Julai hawakuwapo. Kiluwiluji wa manjano hukimbia nyuma ya ng'ombe akitikisa mkia. Mbayuwayu hupita chinichini juu ya mashamba ya bondeni wakidaka wadudu, na kitwitwi husimama kwenye kingo za madimbwi, tayari kuruka mtu akikaribia. Wengi wa ndege hawa walianguliwa Ulaya au Asia, na waliondoka huko baridi ilipoanza kuwamaliza wadudu wanaowalisha. Safari hiyo si hadithi ya kukisia. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Ndege wa namna hiyo hawana budi kupita juu ya nchi kama yetu, na wengine huishia hapahapa mpaka Machi au Aprili. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini vilima visivyo na theluji vihesabu ndege wa majira ya baridi amekwisha kujibiwa: baridi iko kwao, ndege wako kwetu, na mtu wa Ulaya hawezi kuwahesabu Januari hata angetaka.

Makala haya ni kwa walimu, vijana wa klabu za mazingira, wazee wa vilima na yeyote wa Giheta, au wa Muyinga kule Ruvubu inakoelekea, anayefikiria kuanzisha hesabu ya ndege ya watu wa kujitolea. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: anzisheni hesabu ndogo kiasi kwamba mtaweza kuirudia vilevile mwaka ujao, na mwaka wa kumi, bila kumngoja mfadhili yeyote. Thamani ya hesabu haitokani na wingi wa aina za ndege mlizoziona asubuhi moja, wala na ubora wa darubini zenu. Inatokana na kuwa na nambari mbili, tatu, ishirini, zilizopatikana mahali pamoja, kwa njia moja, wakati mmoja wa mwaka.

Ushahidi wa jambo hili ni wa muda mrefu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900, Mmarekani Frank Chapman aliwaomba wapenda ndege waache desturi ya kushindana kuwapiga risasi ndege siku hiyo, wawahesabu badala yake. Walijitokeza watu 27. Matokeo ya mwaka ule peke yake hayakumfundisha mtu jambo kubwa, maana idadi ya ndege wa siku moja haisemi kama wanaongezeka au wanapungua. Lakini watu walirudi 1901, wakarudi mwaka uliofuata, na hesabu ile haijakatika hadi leo. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza katika jarida la Science kwamba Amerika ya Kaskazini imepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, yaani zaidi ya robo ya ndege wake wote. Hesabu za watu wa kujitolea, ile ya Krismasi ikiwa mojawapo, ndizo zilizowezesha tamko hilo kutolewa. Wengi walioshiriki hawakuwa wasomi wa ndege. Walikuwa watu wa posta, mafundi, wakulima na wanafunzi waliorudia njia ileile kila mwaka.

Kwetu Afrika Mashariki mfano hauko mbali. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza 1967, na katika Afrika hufanywa hasa Januari, pengine na Julai pia. Kenya imekuwa ikihesabu ndege wa maziwa ya Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa na watu wa kujitolea wanaoingia matopeni kabla jua halijawa kali. Ndege mbuai wa savana walihesabiwa kwa njia nyepesi zaidi: watafiti waliendesha gari katika barabara zilezile, miaka ishirini hadi arobaini baadaye, katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Walipolinganisha daftari za zamani na za sasa, katika utafiti uliochapishwa 2024, waliona kwamba katika aina 42 walizozichunguza, asilimia 88 zilikuwa zimepungua. Tai na mwewe walikuwa wakitoweka machoni pa watu wote, na bado, bila zile daftari za zamani, asingekuwapo mtu wa kuthibitisha. Mtu huzoea upungufu polepole. Kijana wa leo anaona mwewe wawili akadhani ndio kawaida, kwa kuwa hakuwaona ishirini wa zama za babu yake.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Rwanda, kwa sababu unamhusu ndege tunayemjua sote, umusambi, ambaye Kiswahili humwita korongo-taji. Tangu 2012 ndege huyu yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Mabwawa anakotaga yanakaushwa, na makinda yake yalikuwa yakikamatwa yafugwe majumbani na hotelini kama pambo. Shirika la RWCA, lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, lilianza hesabu ya nchi nzima mwaka 2017 na kupata 487. Mwaka 2021 hesabu ilifika 881. Kati ya nambari hizo mbili kuna kazi ya kuwarudisha porini ndege waliofugwa na kuwashawishi wanakijiji walinde viota, lakini bila nambari ya kwanza ile ya pili ingebaki furaha ya watu wachache ofisini. Umusambi hajui mpaka. Bwawa la Akanyaru liko pande zote mbili, na ndege anayehesabiwa kule kaskazini anaweza kulala kwetu wiki inayofuata.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chagueni njia moja inayofuata bonde, na ndani yake vituo sita ambavyo mtu yeyote atavitambua baada ya miaka kumi: daraja, mwamba, kona ya barabara, chanzo cha maji. Mti haufai sana kuwa alama, kwa sababu mikaratusi yetu hukatwa. Vituo viachane angalau mita mia tatu ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili, na kwa kila kituo muandike mpaka wa macho: hadi ule mfereji, hadi ile njia ya miguu, si zaidi. Mpaka huu ndio jambo linalosahaulika kwanza. Mwaka ambao yupo kijana mwenye macho makali au darubini mpya, ndege wa ng'ambo ya bonde wataingia kwenye hesabu, na mtadhani ndege wameongezeka kumbe kilichoongezeka ni upeo wa kuona. Simameni kila kituo dakika kumi kwa saa ya mkononi au ya simu, si kwa kukadiria. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mmalize kabla ya saa tatu, kwa kuwa ndege wengi hutulia jua likipanda.

Kila kundi liwe na watu watatu na si zaidi ya watano. Mmoja anatazama na kutamka, mmoja anaandika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka mvua ikinyesha, na wa tatu anaangalia nyuma na kushika saa. Anayeandika asitazame ndege. Akitazama atabishana, na wakibishana dakika kumi zitakwisha. Kundi kubwa la ndege likiruka, msijaribu kuhesabu mmojammoja. Hesabuni kumi kwanza, mjue kumi wanachukua nafasi kiasi gani angani, kisha mpime kundi zima kwa kipimo hicho. Makosa yatakuwapo, lakini yatafanana mwaka hadi mwaka, na kosa linalofanana haliharibu ulinganisho. Yangeyange, ambao kwa Kirundi ni inyange, wahesabiwe jioni ya siku hiyohiyo wanaporudi kwenye miti wanayolala, kuanzia saa kumi na moja hadi giza liingie. Mahali pa kulala pakijulikana, kazi hiyo hata watoto wa shule wakiwa na mwalimu wao wanaiweza vizuri.

Orodha ya ndege iwe fupi tangu mwaka wa kwanza. Hapa najua wenye hamu watapinga, wakisema kwamba hifadhi ya Ruvubu peke yake ina mamia ya aina, na kuchagua kumi ni kuwadharau wengine. Jibu langu ni kwamba anayeanza na aina mia huanza kwa kukosea sabini. Tena kuna hatari isiyoonekana mara moja: wahesabuji hujifunza. Mwaka wa nne watatambua ndege ambao mwaka wa kwanza waliwapita bila kuwajua, na jedwali litaonyesha ongezeko ambalo halikutokea bondeni bali vichwani mwao. Orodha ya ndege wasiochanganyika na wengine huondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Umusambi hafanani na ndege mwingine yeyote. Yangeyange naye ni rahisi kumtambua. Kwarara hijani hujitangaza kwa kelele kabla hajaonekana, fundichuma hujulikana kwa kichwa chake chenye umbo la nyundo na lile tundu lake kubwa la vijiti, na kunguru mwenye kifua cheupe hana haja ya maelezo. Wekeni pia mwewe, wote kwa pamoja, bila kujaribu kutenganisha mwenyeji na mgeni.

Kwa wageni wa Januari, chagueni wachache. Kiluwiluji wa manjano anafaa kuliko wote, kwa sababu viluwiluji wenyeji hawana tumbo la manjano. Mkimwona mwenye tumbo hilo karibu na ng'ombe, huyo ametoka mbali. Mbayuwayu wana ugumu wao. Yule wa Ulaya ana koo la rangi ya kutu na utepe mweusi kifuani, lakini kwenye nyanda zetu za juu yuko mwenyeji anayefanana naye sana, anayejenga chini ya madaraja na mapaa. Kwa hiyo waandikeni mbayuwayu wote katika safu moja, mpaka atakapopatikana kati yenu mtu anayeweza kuwatenganisha bila shaka, na hata hapo safu ile ya wote isiachwe. Keremkerem waongezwe wakiwapo. Ndege msiyemjua aandikwe "hajulikani". Neno hilo si aibu, na hesabu yenye "hajulikani" kumi na mbili ina ukweli kuliko yenye majina kumi na mawili ya kubahatisha.

Na sifuri iandikwe. Kituo ambacho hakikuwa na ndege hata mmoja kiandikwe 0 katika kila safu, wala pasiachwe wazi, kwa maana nafasi tupu haisemi kama ndege hawakuwapo au watu hawakufika. Siku ya mvua kubwa au ukungu mzito bondeni, ahirisheni hadi siku ya akiba mliyoipanga mapema, na muandike kwamba mliahirisha. Vilevile andikeni kilichobadilika: bwawa limekaushwa, mfereji mpya umechimbwa, miche ya Ewe Burundi Urambaye, ule mpango wa taifa wa kupanda miti, imepandwa kwenye mteremko, nyumba tatu zimejengwa pale palipokuwa majani. Maelezo hayo ya mstari mmoja ndiyo yatakayowaambia baadaye kwa nini nambari ilishuka. Mkiwa na nguvu ya kurudi Julai, rudini, kwa sababu wakati huo wa kiangazi mabonde hulimwa msimu C na sura yake hubadilika kabisa. Lakini Januari ikamilike kwanza. Kundi linaloanza na siku mbili na kushindwa moja ni afadhali lingeanza na moja.

Pingamizi nzito kuliko zote ni ya posho. Watu watasema, na wanaosema hivyo si wavivu, kwamba asubuhi nzima wakati wa mavuno ina gharama yake, na kwamba wamezoea kuona semina na miradi ikilipa. Naheshimu hoja hiyo, kwa sababu katika nyumba inayoishi kwa shamba, muda wa saa tatu si kitu kidogo. Hata hivyo nashauri msilipe. Hesabu inayolipwa hudumu kadiri ya mradi unaoilipa, na miradi mingi haivuki miaka mitatu. Ikifika mwaka wa nne, walioshiriki huona wamenyang'anywa haki yao, na wasioshiriki hawaoni sababu ya kuanza bure kile ambacho wenzao walilipwa. Huo ndio mwisho wa mfululizo, na mfululizo ndio mali pekee tunayotafuta. Duka ambalo mwenyewe huhesabu bidhaa pale tu anapokuja mgeni wa kumpongeza haliwezi kujua linaibiwa. Badala ya posho, punguzeni mzigo: njia fupi, asubuhi moja, chai na maandazi yanayochangwa na wote baada ya kazi, na matokeo yasomwe palepale ili kila mtu aondoke akijua kilichopatikana.

Wengine watapendekeza kuiingiza hesabu katika kazi za jamii za Jumamosi. Faida yake ni kwamba siku hiyo watu wako tayari na hakuna anayepoteza asubuhi mbili. Kuzungumza na mkuu wa kilima ili wahesabuji wachache waruhusiwe kufanya kazi hii Jumamosi moja ya Januari ni wazo zuri. Kumlazimisha mtu kuhesabu ni wazo baya. Mtu aliyelazimishwa akikaa kituoni dakika nne ataandika kumi, na nambari yake itakuwa mbaya kuliko nafasi tupu, kwa kuwa inafanana na ya kweli. Jumapili wengi wako kanisani, basi msiipange bila kuwauliza watu wenyewe. Siku yoyote mtakayochagua, uongozi wa kilima na polisi wajulishwe kabla. Watu wanaotembea alfajiri kando ya mto na darubini na madaftari huzua maswali, na ni bora maswali hayo yajibiwe ofisini wiki moja kabla kuliko bondeni siku ya kazi.

Yuko mkulima atakayeuliza kwa haki: ndege hawa wanakula mbegu zangu, kwa nini niwahesabu kana kwamba ni mali? Asijibiwe kwa hotuba ya uzuri wa maumbile. Umusambi kweli hufukua mahindi yanayochipua, na ndege wa nafaka hushambulia mtama na mpunga. Lakini mbayuwayu, kiluwiluji na keremkerem hula wadudu, na yangeyange hufuata ng'ombe na jembe akiokota panzi. Anayewafukuza wote kwa pamoja anafukuza na wasaidizi wake. Hesabu humpa mkulima kitu cha kushika: ni ndege gani, wangapi, kituo kipi, wakati gani. Malalamiko yenye nambari husikilizwa na afisa kilimo kwa namna nyingine. Na ikiwa nambari itaonyesha kwamba umusambi waliobaki bondeni ni wawili tu, huenda mkulima huyo mwenyewe akaona kwamba mwizi wake mkubwa yuko kwingine.

Pingamizi ya mwisho ni ile ya udogo: bonde moja la Giheta litamwambia nini mtu? Peke yake, mwaka wa kwanza, karibu hakuna. Lakini hesabu ya 1900 nayo ilikuwa vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kilikuwa bonde au kitongoji cha mtu fulani. Burundi ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2002, na sehemu kama delta ya Rusizi na maziwa ya Kirundo zinajulikana na kutembelewa na wataalamu. Mabonde ya kati ya nchi, yanayolimwa na yasiyo hifadhi, hayana mtu wa kuhesabu ndege wake. Ndiko ndege na watu wanakoshindania ardhi kila siku, na ndiko nambari zinakokosekana. Vituo sita vya Giheta, sita vya Bugendana na sita vya Muyinga, vikiwa na fomu moja, ni mwanzo ambao shirika kama ABN, linaloshirikiana na BirdLife International nchini, linaweza kuutumia.

Tahadhari moja haina majadiliano. Mahali penye kiota cha umusambi pasiandikwe kwenye karatasi inayosambazwa, wala picha yake isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kinda likijulikana lilipo, litakamatwa. Andikeni "kiota kimoja, bonde la juu", na mahali hasa pabaki kwa viongozi wawili wa hesabu na OBPE, ofisi ya serikali ya mazingira. Hakuna anayetakiwa kusogelea kiota wala kugusa mayai ili ahesabu vizuri zaidi; wazazi wakionekana wawili na kinda mmoja kwa mbali, inatosha.

Kilichobaki ni daftari. Mfululizo mwingi hufa kwa daftari kupotea, si kwa watu kuchoka, na shuleni hupotea hasa mwalimu anapohamishwa. Basi nakala ziwe tatu: moja shuleni, moja kwa mkuu wa kilima, moja itumwe kwa ABN au OBPE kabla ya mwisho wa Januari, na kila ukurasa upigwe picha kwa simu siku hiyohiyo. Mwalimu anayehama akabidhi daftari mbele ya mtu wa pili. Na kabla watu hawajatawanyika baada ya chai, ukurasa wa mwisho uandikwe tarehe ya hesabu ijayo, siku ya akiba, na jina la atakayeiongoza.